Magonjwa ya Pembemoja

Katika ng'ombe wote wa mzee Bujiku, hakuna aliyekuwa na afya kama Pembemoja. Alivunjika pembe ya kushoto akiwa bado mtamba, kwa ugomvi alioutafuta mwenyewe, na tangu hapo hakuwahi kupiga hata chafya. Kiangazi cha Usangu kilipokausha majani mpaka wenzake wakabaki mbavu, yeye alinenepa, na hakuna aliyejua alikula nini. Sasa ndiye huyo huyo ambaye habari zake zilifika Poland kwamba anaumwa kila Jumapili. Haya, sikiliza ilivyokuwa.

Bujiku alifika huku Usangu, nje ya Rujewa, akiwa kijana, akifuatana na baba yake na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Ng'ombe aliwajua kuliko alivyojijua mwenyewe. Angemwona mmoja amesimama ng'ambo ya mfereji wa mpunga, akakwambia huyu ana homa, huyu ana mimba, huyu anadeka tu. Binti yake Roza alikulia nyuma ya mikia ya ng'ombe hao, na alipomaliza kidato cha sita kwa alama za kutisha, akapata ufadhili wa kwenda Poland kusomea udaktari wa mifugo. Mama yake, Yunisi, mwanakwaya asiyejua kunong'ona, alihakikisha habari hiyo imeenea Rujewa nzima kabla hata pasipoti haijatoka. Mpaka Roza anapanda ndege pale Songwe, watu walishaanza kumwita daktari.

Mwaka wa kwanza ulikwenda. Wa pili ukatoa makucha.

Jumapili moja Roza alimpigia baba yake akamwomba aende mahali ambapo hakuna mtu. Ombi hilo lilikuwa na sababu. Simu ya Bujiku iliwahi kutumbukia kwenye jaruba la mpunga, na tangu ilipoopolewa haikuongea tena sikioni. Ilijua kuongea kwa spika tu, kwa sauti ambayo hata mtu aliye mbali kule Mbalizi angeisikia na kuitikia salamu. Basi mzee akachukua fimbo yake, akaenda hadi kwenye kichuguu kilichokuwa mbali na nyumba, akapanda juu na kukaa. Roza akalia kwanza. Kisha akasema yote.

Alisema baridi ya huko inaingia mpaka kwenye meno, na jua linaaga saa ambayo watoto wa Rujewa ndio kwanza wanatoka shule. Masomo ni kwa Kiingereza, lakini wafugaji wanaopelekwa kwao kufanya mazoezi wanaongea Kipolandi, na ng'ombe nao ni kama wanakijua hicho hicho: aliwapigia mluzi wa nyumbani, hakuna aliyegeuza hata sikio. Miili yao ni ya malori. Mmoja alimpiga teke akaangukia kwenye samadi, mwenye zizi akacheka, na yeye akashindwa hata kumjibu kwa kuwa maneno hakuwa nayo. Nywele alizosuka kwa siku nzima zilinuka dawa ya kuhifadhia mizoga, akiketi kwenye basi jirani yake anahama kiti. Hayo yote angeyabeba. Kilichomvunja ni mtihani wa mifupa na misuli, ambao unasimama mbele ya profesa, anakuonyesha kifupa, nawe unakitaja kwa Kilatini. Alifeli. Akarudia, akafeli tena. Ilibaki nafasi moja tu, na akifeli hiyo anafukuzwa.

"Baba, bora nirudi nyumbani," alisema. "Ila usimwambie mama. Usimwambie mtu yeyote."

Bujiku aliapa. Lakini moyo ulimuuma, usiombe yakukute. Roza alirithi jina la mama mzazi wa Bujiku, na kwa hiyo baba humwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alitaka kumwambia mayu wake neno la kumtia nguvu, akalitafuta asilipate. Yeye ni mtu wa ng'ombe. Hotuba ni za Yunisi. Aliona wazi kwamba simu ikikatika tu, mtoto ataanza kufunga mizigo. Ndipo ulimi ukamponyoka. Akasema haya, ni sawa, lakini kabla hujarudi hebu nisaidie, Pembemoja hacheui tangu juzi, na tumbo limevimba upande wa kushoto, nifanyeje?

Kisha Roza akavuta kamasi, akauliza amekula nini. Akauliza anapata choo? Akauliza, tumbo ukiligonga linalia kama ngoma, au limekaza? Ilikuwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu mwenye kazi mkononi. Akaomba apewe mpaka kesho, kuna kitabu anataka akitazame. Kesho yake alipiga na maelezo marefu, na katikati ya maelezo akazitaja mbavu kwa Kilatini bila kujikwaa. Habari ya kurudi nyumbani hakuigusa.

Mwonja asali haonji mara moja. Jumapili iliyofuata Pembemoja akachechemea. Iliyofuata maziwa yakakatika. Akanyonyoka manyoya mgongoni, akaota uvimbe shingoni, akakojoa mkojo mwekundu. Roza aliuliza, akasoma, akajibu, na kila jibu lilikuwa na mfupa wake au msuli wake ndani. Bujiku alikaa juu ya kichuguu akiitikia kama mtu anayefundishwa jambo jipya, na mgonjwa mwenyewe akila majani pembeni yake, buheri wa afya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu mtu anayetangaza maradhi yasiyokuwepo hawakuacha neno, na Bujiku alilichukulia hilo kama ruhusa.

Shida ya uongo ni kumbukumbu. Wiki moja alisema mguu mbovu ni wa mbele kushoto, wiki nyingine akasema wa nyuma kulia, na Roza alipokohoa kidogo, akaeleza kwamba maumivu yamehama. Isitoshe, magonjwa yakaanza kumwishia. Kwa hesabu zake mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia, na huo haukuwa wakati wa kuishiwa. Ndipo akamkumbuka marehemu baba yake.

Mzee yule alikuwa akisimulia sotoka, ile tauni ya ng'ombe. Alisimulia jinsi ilivyopita Usukumani akiwa mtoto: ng'ombe wakatokwa machozi, midomo ikachubuka kwa ndani, wakaharisha mpaka wakaanguka mmoja juu ya mwingine, zizi likanuka na fisi wakashiba wakasusa. Kila alipofika hapo alinyamaza na kujifuta macho. Bujiku mwenyewe hakuwahi kuiona. Alijua ilishakwisha, na kwa fikra zake ugonjwa uliokwisha hauwezi kumdhuru mtu. Basi Jumapili hiyo akampa Pembemoja sotoka. Akaieleza yote, machozi, vidonda, kuhara, harufu, kama alivyosimuliwa. Alipomaliza alijisikia vizuri sana, maana ulikuwa ugonjwa uliotimia kuliko yote aliyowahi kuyatoa.

Safari hii Roza hakuuliza ng'ombe amekula nini. Aliuliza maneno mawili matatu, sauti imemkauka, akamwambia asitoe mnyama yeyote zizini, akakata simu.

Kumbe sotoka haikwisha Usangu peke yake, ilikwisha duniani. Wataalamu waliisaka nchi kwa nchi, miaka nenda miaka rudi, mpaka wakatangaza kwamba haipo tena popote. Ni ugonjwa ambao dunia imeuzika na kuuwekea msalaba, na mzee Bujiku wa Rujewa ndiye aliyeufukua akiwa juu ya kichuguu. Roza alikuwa ameusoma muhula huo huo. Alijua anayeusikia anatakiwa afanye nini, na hakuchelewa. Jumatatu ofisi zilipofunguliwa tu, alishapiga simu.

Jumanne, kabla umande haujakauka, gari la serikali likaingia nyumbani kwa Bujiku. Alishuka Daktari Faustina, mama wa makamo kutoka maabara ya mifugo ya Iringa, na wasaidizi wake wakishusha masanduku. Alimwamkia mzee kwa adabu, akavaa ovaroli nyeupe na mabuti ya mpira, akaeleza kwa upole mambo yasiyokuwa na upole hata kidogo. Mnyama hatoki hapa. Wa majirani hawatoki. Mnada wa wiki hii usubiri kwanza. Jirani yao Masanja, aliyekuwa ameshatenga madume wake wa kupeleka mnadani, alikuja mbio akasimama kwenye boma akihema. Yunisi aliketi chini, khanga mdomoni.

Faustina akauliza mgonjwa ni yupi. Bujiku akaelekeza kwa mdomo, maana mkono ulikuwa mzito. Pembemoja alikuwa amesimama katikati ya zizi akicheua. Daktari akamfungua kinywa: kisafi. Macho makavu. Joto la mwili la kawaida. Pembemoja alichukizwa na upekuzi huo, akainua mkia na kumwagia buti la daktari samadi nzuri, iliyoshikana, ya ng'ombe asiye na shida yoyote.

"Amepona," Bujiku alisema.

Faustina akamjibu kwamba sotoka haiponi kati ya Jumapili na Jumanne. Kama si huyu basi ni mwingine, na itabidi achukue damu ya wote, na kata nzima ifungwe mpaka majibu yatoke. Masanja akamgeukia Bujiku akamtazama.

Jasho lilimtoka mzee asubuhi ile ya baridi. Akinyamaza, majirani wanafungiwa ng'ombe kwa kosa lake. Akisema, siri ya mtoto inamwagika mbele ya Yunisi, na Roza atajua kwamba baba yake mzazi amemfanya apige simu za hatari kwa ajili ya ng'ombe mzima. Kwa aibu hiyo atarudi kweli, tena kabla ya mtihani. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa imeishia zizini. Alimwomba Faustina wasogee pembeni, karibu na mfereji, akamweleza kwa sauti ya chini tangu ile siku ya kilio. Daktari alisikiliza huku akivua glavu. Akasema yeye siye wa kuambiwa. Yule binti amempigia tangu alfajiri, hajalala, na ndiye anayestahili kuusikia ukweli, tena kutoka kwa baba yake.

Kabla Bujiku hajajibu, simu ikaita mfukoni. Alikuwa Roza. Akabonyeza, na sauti ikalipuka boma zima.

"Baba, wamefika? Wamekufa wangapi?"

"Hajafa hata mmoja, mayu," Bujiku alisema. "Hajaumwa hata mmoja. Pembemoja hajawahi kuumwa, tangu ile siku ya tumbo. Nilikudanganya."

Kwa kuwa mdomo ulishafunguka, akaendelea. Akasema aliogopa atafunga mizigo. Akasema hakujua namna nyingine ya kumshika. Yunisi akainuka polepole, khanga ikamdondoka; kwa hiyo mtoto alitaka kurudi, na kwaya yake yote imeshamwombea mahafali? Lakini alipomtazama mumewe, akaiokota khanga, akasogea kusikiliza.

"Baba," Roza alisema, "yale mengine nilijua."

"Ulijua?"

"Tumbo la gesi ulinifundisha wewe kulitibu kabla sijajua kusoma. Halafu ng'ombe mmoja hawezi kuumwa kitabu kizima." Akavuta pumzi. "Ila hili la sotoka niliamini. Babu alikuwa analia akiitaja. Nikasema, baba hawezi kuchezea hiyo."

Hapo Bujiku aliinamisha kichwa. Aliona aibu, si ya Masanja wala ya daktari, ila ya yule mzee aliyekuwa akijifuta macho. Akamwomba mwanawe msamaha, na kimoyomoyo akamwomba na marehemu.

Faustina akaisogelea simu. Akamwambia Roza kwamba alichofanya ndicho hasa kinachotakiwa, aliyeona moshi apige kelele hata kama ni jirani anachoma takataka, na kwamba maelezo yake yalikuwa yamenyooka kiasi kwamba wao wametoka Iringa bila kunywa chai. Atawapima waliobaki hapa kwa uhakika, wakionekana wazima, mnada utaendelea. Masanja akashusha pumzi, akaketi kwenye ukingo wa boma, na baada ya hapo akaanza kucheka peke yake.

Bujiku hakucheka. Lilikuwa limebaki swali moja.

"Sasa, mayu, utarudi?"

"Mtihani ulishapita, baba. Waliuwahisha. Nimefaulu."

Yunisi akapiga kigelegele mpaka ng'ombe wote wakageuka. Bujiku alisubiri kiishe, akauliza mbona basi hakusema.

"Niliogopa nikikuambia," Roza alisema, "Pembemoja atapona."

Mzee alijifuta macho kwa kiganja, akamtazama Pembemoja, ambaye alikuwa amesimama imara juu ya miguu yake yote minne, akicheua.

"Hajapona," alisema. "Tangu asubuhi anachechemea."

"Mguu upi leo?" akauliza Roza.