Njia ya Fundi ya Kukimbilia

Miezi mitatu mke alikuwa analala bila kulala. Mwili ulikuwa kitandani, masikio yalikuwa nje, kwenye mkaratusi. Mchwa walikuwa wamelila shina upande mmoja, na mti ukaanza kuinamia chumba chao kama mgeni anayechungulia kuna nini chunguni. Upepo ukivuma, tawi lilikwaruza bati, naye alikaa kitako gizani akingoja.

Mumewe alikoroma. Tangu avunjike mguu alihamia kitandani jumla jumla: chai ililetwa, uji uliletwa, beseni la kunawa lililetwa. Akiambiwa habari za mti alisema, "Niliupanda mwenyewe. Utaniangukiaje mimi baba yake?"

"Wangapi wameangukiwa na watoto wao," mke alijibu, akaondoa beseni.

Mvua zilipokaribia, akaja fundi wa kukata miti, mtu mkavu mwenye vidole tisa. Akagonga shina kwa kisogo cha shoka. Likaitika kama debe tupu.

"Umeoza ndani," akasema. "Huu hautabiriki. Nyumba isibaki hata na paka. Kuna mtu?"

"Yumo mmoja," akasema wifi, dada wa mume, aliyekuja kusaidia. "Ila huyo hatoki."

"Basi na mimi siwashi mashine."

Wakamkalisha mume kitini, wakambeba mzee huyo na kiti chake. Mke alishika upande mzito, kama kawaida.

"Polepole! Mnabeba mtu, si kabati."

"Heri kabati, kaka," wifi akahema. "Halisemi."

Wakamtua mbali, kwenye uzio, fundi alikowaonyesha. Fundi alikwisha kufunga kamba juu kwenye mti na kuikaza kwa winchi ya mkono, ili uvutwe kuelekea shamba tupu. Nyuma ya shina, kwa mshazari, alifyeka njia, akaokota kila jiwe na kila kijiti. Kisha akavaa kofia ngumu, akawasha msumeno, akaanza kuchonga kinywa cha mti, pengo la kuuelekeza uangukie huko, upande wa shambani.

"Jua linanichoma," mzee akalalamika. "Na hapa pana siafu."

Mke akatazama huku na huku. Nyuma ya mti palikuwa safi, tambarare, na kivuli juu. Kumbe fundi kamwandalia mgonjwa! Asante yake. Na mti si unaangukia upande mwingine? Wakanyanyua tena kiti.

Fundi alipomaliza kinywa, akazunguka kwenda kukata kwa nyuma. Kabla ya kugusa mti akageuka kuitazama njia yake. Katikati amekaa mzee, mguu kaunyoosha.

Msumeno ukanyamaza.

"Mama, nani kamweka huyu hapa?"

"Si umepasafisha kwa ajili yake?"

"Nimepasafisha kwa ajili yangu! Mti ukianza kwenda, mimi napita hapo."

Mzee akacheka. "Fundi gani anajitengenezea njia ya kukimbia kazi yake?"

"Fundi mzee," akajibu. "Wasiokuwa na njia hawakuzeeka. Ondokeni upesi."

Mke akainama kushika kiti. Mikono ikakataa. Akajaribu tena, kisha akakaa chini, miguu mbele kama mtoto.

"Siwezi tena," akasema, taratibu, kama anayesema chumvi imekwisha.

"Sasa nani atanibeba?" mzee akauliza.

Upepo ukapita. Ndani ya shina kitu kikapasuka: ta!

Mzee akanyanyuka. Hakuomba fimbo, hakuita mtu. Alitoka mbio, akawaacha mke, dada na kiti, na hakusimama mpaka uzio. Fundi akamwinua mke kwa kwapa, wakafuata.

"Kaka," wifi akauliza, "mguu umepona tangu lini?"

Mzee akashika paja, akaanza kuchechemea. Lakini mguu si ule uliovunjika.

Mke alimtazama. Kucheka kulitaka nguvu, kugomba vilevile. Akaegemea uzio tu.

Fundi alisubiri, akausikiliza mti, akakaza kamba. Kisha akarudi, akakata kwa nyuma, akabakiza utepe wa mti usiokatwa, uwe kama bawaba ya mlango. Mkaratusi ulienda polepole, kama bibi anayekaa kwenye kigoda, halafu ardhi ikaruka. Vumbi lilipotulia, fundi alikuwa mwisho wa njia yake, anajifuta jasho. Hakuna bati lililoguswa.

Mke akaingia chumbani. Jua lilikuwa limejaa dirishani, mpaka kitandani. Akajilaza katikati, na miguu yake yenye vumbi, upande wa mume na upande wake pia. Upepo ukaja, ukapita juu ya bati, ukaenda zake.

"Mama watoto!" mzee akaita kutoka nje. "Chai je?"

Akaita mara ya pili, kwa sauti zaidi. Wifi akamfungia mlango.

"Nyamaza, wewe. Mtu kalala."