Mwanga Hafifu

Kalamu ile niliiunda mwenyewe: ukiikandamiza kwenye kioo chake kinachosoma mwanga, taa ya nchani inazidi kung'aa na mstari unanenepa. Nilimpelekea mama, ambaye kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya sauti. Siku tatu aliandika, na siku tatu kioo kilibaki cheupe.

“Kandamiza, mama!” nilimfokea, kana kwamba ni kiziwi. Aliniangalia tu, akaendelea.

Siku ya nne nilikumbuka. Kule karakana ni mimi niliyekiamuru kioo kipuuze mwanga wowote hafifu, nikidhani ni vumbi tu. Nilifuta amri ile, nikamrudishia kalamu bila kumtazama usoni.

Mstari ulitokea, mwembamba kama unywele: “Nakandamiza, mwanangu.”