Kornisi ya Wodi ya Wazazi

Jumatatu asubuhi, ilipokaribia saa tatu, Bi Chokaa alikuwa juu ya jukwaa, shingo imekakamaa, akikwangua rangi ya mafuta kwenye kornisi ya chumba kilichokuwa wodi ya wazazi, kwa kisu cha jikoni kilichochongwa ncha. Kornisi ile, urembo wa plasta unaozunguka chumba pale ukuta unapokutana na dari, ilikuwa na maua arobaini. Rangi za miaka mingi zilikuwa zimeyaziba hata yakawa kama vifundo vya nguo. Alipofika kwenye ua la tatu kutoka dirishani, saa tatu ikatimu, na maziwa yakaanza kutoka.

Yalikuwa ya uvuguvugu. Yalichuruzika kutoka katikati ya ua, yakapita kiganjani mwake mpaka kwenye kiwiko. Aliyanusa, akayaonja kwa ncha ya ulimi, kisha akashuka kutafuta ndoo. Akahesabu. Maua kumi na saba yalikuwa yanatoa maziwa, mengine makavu. Baada ya dakika ishirini yakakatika. Saa sita yakarudi, na saa tisa tena.

"Jengo la zamani halikosi majimaji," alisema msimamizi wa ujenzi, mwanamume mwenye simu mbili na haraka isiyokwisha. "Ijumaa kampuni inafungua ofisi. Piga saruji, paka rangi ya mafuta, tumalize."

"Haya ni maziwa."

"Maziwa nayo ni majimaji, mama."

Jina la Bi Chokaa alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya ubishi huohuo. Saruji alikuwa haigusi kwenye nyumba ya zamani. Jipsamu aliipenda kwa maua, maana inaganda upesi na kutoa petali kali kama kisu, lakini ikinywa maji inalegea kama biskuti. Chokaa iliyolowekwa miezi mitatu inachelewa kukauka, inakuchosha, inakuunguza vidole, ila inapumua. Kitu kikitaka kupita, inakipisha. "Saruji haimpishi mtu," alimwambia msimamizi. "Itayafungia ndani, halafu utayaona."

Msimamizi alikuwa ameshapokea simu ya pili.

Jioni, akikosha mikono, alimsimulia mama yake kama habari nyingine yoyote ya kazini. Mama alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Saa ngapi yanatoka?"

"Saa tatu, saa sita, saa tisa. Mlinzi anasema hata saa kumi na mbili."

"Ndizo saa walizokuwa wakituletea watoto tunyonyeshe," mama alisema, akaendelea kuchambua mchele. Punje alizozitupa sasa zilikuwa nzima.

Bi Chokaa alijua kwamba kabla yake alizaliwa kaka. Alijua pia kwamba mama aliambiwa mtoto amekufa, akaomba amwone, akaambiwa ameshazikwa. Kwao hayo yalisemwa mara moja tu na hayakurudiwa. Hakujua kwamba ilikuwa katika chumba kile.

Jumanne mama alikuja naye kazini. Hakuuliza njia. Alivuka chumba, akaweka kiti chini ya ua la tatu kutoka dirishani, akaketi. Saa tatu maziwa yakamdondokea begani. Hakujisogeza wala hakujifuta.

Upande wa pili msimamizi alikuwa ameleta fundi mwingine, wa saruji. Kufikia mchana maua manane yalikuwa yamezibwa, yakapakwa rangi juu kwa juu. Saa sita upande ule haukutoa hata tone. Msimamizi alimtazama Bi Chokaa, naye Bi Chokaa akaendelea kukoroga chokaa yake.

Jumatano ukuta ule ulianza kuvimba. Saa tatu ulikuwa umetokeza unene wa kidole, saa sita unene wa ngumi. Ufa mmoja ulishuka kutoka darini ukitoa mlio mdogo, kama mtu anayesaga meno. Fundi wa saruji alikusanya vyombo vyake akasema anakwenda kula. Hakurudi.

"Titi lisiponyonywa huwa hivyo," mama alisema kutoka kitini pake. "Linauma."

Msimamizi akadhani labda kuna bomba lililosahaulika ndani ya ukuta, akamwita mtu wa kumwonyesha: muuguzi mkuu wa zamani wa wodi ile, mstaafu, bibi aliyenyooka, kitambaa cheupe kichwani. Aliingia saa tisa kasoro dakika tano. Alisimama mlangoni, na bila kuinua macho darini akasema, "Kumi na saba."

"Mabomba?" msimamizi aliuliza.

"Hakuna mabomba hapa."

Kisha akamwona mama. Wazee wale wawili walitazamana. "Kitanda cha tatu," muuguzi alisema.

"Ndimi. Ulimzika wapi mwanangu?"

Muuguzi alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Ukuta ulitoa mlio tena, na vumbi likaanguka.

"Nakuuliza, dada. Wapi?"

"Sikumzika."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa analia," muuguzi alisema. "Walikuja watu na gari. Daktari aliniambia andika amekufa, nikaandika. Mara kumi na saba niliandika hivyo. Watu wenyewe walionekana wazuri."

Bi Chokaa alishuka jukwaani. Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu: kama mtoto alikuwa amefunikwa. Muuguzi akasema ndiyo, kwa blanketi la wodi.

Ilipotimu saa tisa ukuta ukapasuka. Saruji ya maua manane ilishuka kwa pamoja, ikavunja meza mpya mbili na kiti cha magurudumu, na maziwa yakatapakaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya muuguzi. Hakuna aliyeumia. Msimamizi alitafuta simu zake zote mbili, akazipata, akasema, "Haya, Bi Chokaa. Weka hiyo chokaa yako."

Akaiweka. Alifunga mifupa ya kornisi kwa nyuzi za katani, akavuta umbo lake kwa bati lililokatwa, akafinyanga maua manane kwa mkono, na katikati ya kila ua akaacha tundu. Alifanya kazi siku mbili. Alipoletewa fomu ya kumaliza kazi iliyoandikwa "Chanzo cha uharibifu: unyevu wa mvua", alifuta neno mvua akaandika maziwa. Ofisini waliipiga chapa upya, wakairudisha mvua, wakasaini wenyewe.

Wiki iliyofuata alikwenda na mama ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa aliwasikiliza kwa adabu, akaomba cheti cha kifo.

"Hatukupewa," Bi Chokaa alisema. "Hakufa."

"Bila cheti siwezi kufungua jalada la marehemu."

"Basi fungua la aliyepotea."

"Daftari la wodi linasema amekufa, dada yangu. Siwezi kumtafuta aliyekufa."

Muuguzi alisema yuko tayari kutoa maelezo, ila hakuna aliyemwita.

Kampuni ilifunguliwa. Chini ya kornisi walifunga mfereji mwembamba wa bati unaopeleka maziwa jikoni, na makarani wanayatia kwenye chai ya saa nne. Wanasema ni mazito kidogo, lakini unazoea. Sehemu ya ua la tatu tu haina mfereji, maana Bi Chokaa alikataa kushuka jukwaani mpaka waiache wazi.

Mama huja kila asubuhi, huchukua namba kama wateja wengine, na kuketi mahali pake. Namba yake ikiitwa humpa mtu mwenye haraka. Wanaume wa umri fulani, wenye mvi za kwanza, wakikaa karibu naye, huwasogelea na kuwauliza wamezaliwa mwezi gani, na nani aliwalea. Wengi humjibu vizuri tu, maana wanadhani ni mfanyakazi wa pale.