Suti ya Bandi na Mafuta ya Mbuzi

Mke wangu husema hapa natia chumvi. Na aseme; mwaka ule wa hamsini na sita yeye hakuwepo Mbalizi.

Nilikuwa fundi mgeni kwenye baraza ya duka la Bwana Jayantilal, mjini Mbeya. Akaniambia, "Yotamu, suti yako ya kwanza ikimaliza harusi nzima, cherehani hii utashonea wewe. Ikifumuka, rudi kwenu ukapalilie viazi."

Suti ilikuwa ya rafiki yangu Tadeo, nyeusi tii. Ijumaa nilikuwa nimeipiga bandi tu, ile mishono mirefu ya uzi mweupe ya kushikiza kitambaa kabla ya kukishona kwa mashine. Nikaiacha, nikaenda kutafuta mbuzi wa harusi, maana kuchoma nako nilipewa mimi. Kumbe nyuma yangu Tadeo kapita, kaona nyuzi nyeupe, kadhani mapambo. Kaichukua!

Jumamosi niko motoni nyuma ya kanisa la Mbalizi, nachovya fungu la majani kwenye sufuria ya mafuta, nampaka mbuzi asikauke. Ibada ikaisha, bwana harusi huyo anakuja kunishukuru. Bega la kushoto limeachama.

"We Tadeo! Nani kakwambia imekwisha?"

"Si umeshaitia na nakshi, fundi?"

Na Bwana Jayantilal yuleee, kiti cha mbele uwanjani! Sikuwa na sindano. Nikachovya majani, nikampaka Tadeo mafuta kila penye mshono. Baridi yetu ya Julai unaijua: sijahesabu kumi, mafuta yameganda, suti imekakamaa kama mlango. Tadeo akaenda kusalimia wageni mikono imetanuka, mbwa watatu nyuma yake.

"Njoo uote moto, mwanetu," wazee wakamwita.

"Nasikia joto," akajibu, meno yakigongana.

Bwana Jayantilal, ambaye kazi yake kuuza vitambaa, si kushona, na nyama hali kabisa, akamzunguka, akavuta bega. Halikutikisika.

"Mshono wa chuma huu! Cherehani yako, Yotamu. Lakini mbona ananuka mbuzi?"

"Walizoeana, bwana."

Gari lake lilipoondoka tu, bibi harusi Damari akamburuta mumewe hadi motoni. Mara akabaki na mkono wa koti mkononi, unachuruzika mafuta.

"Shemeji Yotamu," akasema akiuinua juu, "huu nao umeiva?"

Jumatatu, kazi ya kwanza ya cherehani yangu ikawa suti ileile. Niliipitisha mara mbili kila mshono. Nyuzi nyeupe, Tadeo alinikataza kuzitoa.