Upindo wa Mwarobaini

Mama mkwe aliweka kikapu chini, akaugusa mti kama anayempima mtoto homa. "Bi harusi," akasema taratibu, "huyu umemvua nguo."

Nilikuwa na wiki tatu tu katika nyumba ile. Mwarobaini wa uani ulikuwa mtakatifu kwao; hakuna aliyethubutu hata kuufungia kamba ya kuanikia. Watoto wenye upele waliogeshwa kwa majani yake, vijiti vyake vilisugua meno ya mtaa mzima, na magome yake, yakichemshwa, yalinywewa na wenye homa huku wamekunja uso. Kabla ya kuchuna, Mama mkwe alibisha hodi shinani, kisha akachukua kipande cha upana wa kiganja, basi.

Siku ile alikuwa sokoni, jirani akaja na homa yake kuomba dawa. Nikataka kuonyesha kuwa nami nimo. Hodi nilipiga. Lakini mimi ni fundi cherehani. Nilipokwisha kuchuna kipande, lile pengo la upande mmoja lilinikera macho. Nikalinyoosha, nikazungusha kisu hadi mwanzo ukakutana na mwisho, upindo safi kabisa. Sikujua kuwa chakula cha mti hupita kwenye gome, na ukichunwa kiuno kizima hufa.

"Nitarudi kwetu," nikasema.

"Urudi wapi, na mgonjwa huyu wa uani umemwachia nani? Lete mashuka ya zamani."

Akakata vijiti vibichi vya mti uleule, tukavichomeka kuvuka jeraha kama madaraja ya chakula, ncha moja chini ya gome la juu, nyingine chini ya gome la chini, tukakandika udongo. Bandeji nilishona mimi, mshono mara mbili.

Mtaa ulicheka, kisha ukaanza kuja kumjulia hali. "Mgonjwa kaamkaje?" Jirani, aliyekwisha kupona, alileta ndoo ya maji kila asubuhi. Hata hivyo majani yalipukutika yote, nikalia kama mtoto.

Wiki ya saba nilikuwa kwenye cherehani niliposikia, "Fundi! We fundi!" Mama mkwe hakuwahi kuniita hivyo. Nikatoka mbio. Vijani vyekundu, vidogo kama kucha, vilijaa matawini. Tulicheza kuuzunguka mti, yeye na ndala moja, mimi na sindano mdomoni.

Alipochoka, alinivua futi ya shingoni, akanikabidhi.

"Mpime upya," akasema, akihema. "Amenenepa, bandeji inambana."