Mtazamaji wa Dirishani

Mzee Matonya hakuwahi kuiona sura ya Elvan hata siku moja, lakini mtaa mzima wa Miyuji hakuna aliyemjua kama yeye. Alimjua kwa sauti. Kila jioni tamthilia ya Kituruki ilipoanza, na ile sauti ya Kiswahili waliyomtilia binti wa watu ikaanza kulia, mzee alikuwa ameshaketi nje kwenye kigoda chake, chini ya dirisha la sebule, mguu mbovu ameunyoosha. Ndani alikuwa Priska, mke wa mwanawe. Mzee kuingia asingeingia. Kwa malezi ya Kigogo aliyokulia, baba mkwe na mkwewe hawakai chumba kimoja wakatazamana usoni, na runinga haikuwa sababu ya kuanza.

Alikuwa amekuja kutoka Chamwino kutibiwa mguu. Maongezi yao rasmi yalikuwa shikamoo ya asubuhi, Priska amepiga goti mlangoni, macho chini, basi. Yaliyobaki yalipita dirishani, na hata hayo mzee hakumwambia mtu. Aliiambia hewa.

"Matajiri hawa wa Uturuki huwa hawali?" aliiuliza hewa. "Kila siku wako mezani, kila siku mtu anainuka na hasira zake. Chakula chote kile wanampa nani?"

Priska naye alijibu huku macho yakiwa kwenye runinga. "Labda mbwa."

"Basi mbwa wao sasa hivi ni ng'ombe."

Hakuna alichokosa cha kusema. Sinema za ngumi za ujanani mwake alizisifu kwa kuwa ulijua steringi hauawi, kwa hiyo ulikaa kwa amani. Mchezo wa mpira aliocheza mwanawe Henry kwenye skrini ulimkera kabisa: "Mtu mzima na ndevu zake anafunga goli kwa kidole gumba, halafu anasema amechoka!" Na kuhusu Elvan, bibi harusi aliyefukuzwa na mama mkwe wake, Bi Sevda, msimamo wake haukuyumba. Atarudi nyumbani. Aliyeitunga hadithi akimwacha binti yule barabarani, basi huyo hana moyo.

Priska alijifanya hayo maneno ni kelele tu. Lakini siku mzee alipochelewa kukaa, yeye ndiye aliyeongeza sauti ya runinga ili amwite.

Ikaja jioni ya Restuta. Restuta alikuwa bosi wake ofisini, mwanamke wa manukato na Kiingereza kingi, na kuja kwake kunywa chai halikuwa jambo dogo. Priska alitandika vitambaa vipya kwenye makochi. Tamthilia ilikuwa inaendelea. Bi Sevda akaapa mbele ya ukoo kwamba Elvan ni mwizi, na hapo hapo sauti ikapasuka kutoka nje:

"Mwongo huyo! Msimwamini!"

Restuta nusura amwage chai. "Oh my God! Nani huyo? Mlinzi wenu?"

Priska alikuwa na nafasi ya kujibu. Neno lenyewe lilikuwa fupi: baba. Badala yake akacheka. "Ana maneno huyo!" alisema, akainuka, akasukuma kioo cha dirisha mpaka kikagota.

Mzee alikuwa mbovu wa mguu, si wa masikio.

Kesho yake Priska aliliacha dirisha wazi na runinga ikapiga kelele hadi jirani akalalamika. Kigoda kilikuwa kimehamia nyuma ya nyumba. Wiki hiyo mzee akamwambia Henry mguu umepona, arudishwe kwake. Mguu haukuwa umepona, na kila mtu alimwona akiuburuta kuelekea kwenye gari.

Chamwino si mbali. Priska alipanga kwenda kumwomba radhi, akaahirisha kwa ajili ya kazi, akaahirisha tena kwa ajili ya homa ya mtoto. Tamthilia ikaisha. Elvan alirudi kwake, akafunguliwa mlango na Bi Sevda mwenyewe, na Priska akageukia dirisha aseme "umeshinda," akakuta pazia. Alitaka kumpigia simu. Lakini mkwe gani humpigia baba mkwe simu ya habari za runinga? Akaona aibu, akaiweka simu chini. Usiku wa kuamkia Jumapili moja presha ikamchukua mzee.

Msibani Priska alikaa jikoni na wanawake, akichambua mlenda. Ajuza mmoja, Bi Hilda, jirani wa marehemu, akamsogelea.

"Wewe ndiye mkwe wa Miyuji?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu tuambie, Elvan alirudi?"

Priska akainua uso. Wanawake wote walikuwa wameacha kazi zao.

"Mzee alitusimulia yote tangu mwanzo," alisema Bi Hilda. "Kila jioni, palepale uani. Tukafika pale Bi Sevda anaapa uongo, mzee akakoma. Tukamwambia endelea. Akasema hakusikia zaidi, mkwe wake alifunga dirisha."

Priska aliinamia mlenda akingoja lifuatalo. Alijua lawama anaistahili.

"Vumbi," alisema Bi Hilda. "Alisema upepo wa Dodoma tunaujua, na mkwe wake alikuwa na mgeni. Angemwacha mgeni ale vumbi? Alisema tuvumilie, mkwe wake akija atatumalizia."

Jioni ile ya Restuta mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Hapakuwa na vumbi. Hata pazia halikutikisika.

"Haya, mwanangu," Bi Hilda alimhimiza. "Alirudi?"

"Alirudi," alisema Priska. "Baba alisema. Tangu mwanzo baba alisema atarudi."