Soriasisi Yangu Ndogo

Asubuhi ile mama yangu, Eno Takyiwaa, aliniosha kama anayeosha maiti ya chifu. Alinikalisha uani kwetu Techiman, akanimwagia maji ya moto, akayasugua magamba ya soriasisi, ule ugonjwa wangu wa ngozi, kwa dodoki mpaka yakabanduka. Kisha akanipaka mafuta ya shea kuanzia utosini hadi nyayoni.

"Mama, acha. Dokta anatakiwa kuyaona."

"Ayaone nini? Mtu mzima katoka Accra, wewe umwendee umepauka? Watu waseme Takyiwaa hana hata mafuta ya kumpaka mwanawe?"

"Waseme."

"Wewe Dufie, kichwa chako kigumu kuliko huo ugonjwa. Inua mkono!"

Nikainua. Ningebisha zaidi, lakini yeye ndiye aliyekuwa akinilisha tangu wateja walipoukimbia wali wangu wa kunde. Nani atanunua chakula kwa mkono unaopukutika? Krimu nilikuwa nimepaka hadi nikachoka. Zilibaki sindano, nazo zilikuwa chache, za wale waliozidiwa, na aliyeamua nani amezidiwa ni huyo daktari wa Accra. Nilizitaka nirudi kwenye sufuria zangu, basi.

Hospitalini, Dokta Lamptey alikuwa na adabu. Sina la kumlaumu, ingawa namlaumu. Alikitumia kiganja changu kama kipimo: panapofunikwa na kiganja kimoja ni kama sehemu moja katika mia ya mwili. Akapima mgongo, akapima miguu, halafu akainama kuangalia wekundu, unene na magamba.

"Mabaka yapo," alisema, "lakini ni laini. Wekundu hauonekani sana. Magamba yako wapi, sista?"

"Yako uani kwetu, Dokta. Kuku wanayadonoa."

Hakucheka. "Mimi napima ninachokiona."

"Basi nipime keshokutwa, bila mafuta."

"Keshokutwa niko Accra. Usiku unalala?"

"Analala vizuri, Dokta!" mama alidakia. "Hajambo kabisa, kwa neema ya Mungu."

Maskini, alidhani anaulizwa kama amenilea vizuri.

"Silali," nikasema. "Najikuna mpaka shuka linaingia damu."

Mama akanifinya. Daktari akatutazama sote wawili, akamwamini mwenye mvi.

"Soriasisi yako ni ya kadiri, tena inakaribia kuwa ndogo," alisema huku akiandika. "Sindano tunawawekea walio na hali mbaya. Endelea na krimu."

Nilitaka kulia, nikaona haya kulia mbele ya mtu aliyekwisha kumwita mgonjwa mwingine. Nje, mama alinikumbatia katikati ya watu, mafuta yakamganda kwenye kitambaa chake kipya, wala hakujali.

Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Daktari mkubwa kutoka Accra amempima mwanangu! Kampima mwili mzima, akakuta ugonjwa ni mdogo!"

"Amina!"

"Nasema ni mdogo!"

"Amina!"

Ngoma zikalia. Akina mama wakacheza mpaka mbele wakipunga leso nyeupe, na mchungaji mwenyewe akaita jina langu, akashukuru kwa uponyaji. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, mikono mirefu ya gauni langu imefungwa vifungo hadi kwenye viganja katika joto lile. Kanisa lilijaa, watu walisimama hadi mlangoni, na benchi zima nilikaa peke yangu.